Dada wa Katindo anaenda Genève: afanye ski wapi, na pisti gani?

Dada yangu, aksanti kwa swali, na aksanti zaidi juu umeandika na maelezo yote, wengi wananitumia tu "yaya, ski nzuri iko wapi" na hapo mtu hawezi kujibu kitu.

Wacha nilirudilie kwa kifupi ili na wengine wafuate. Unatoka Katindo hapa Goma, unaenda mafunzo ya kazi yako Genève kuanzia katikati ya Januari mpaka mwisho wa Marchi. Wenzako wa kule washakualika ski (kuteleza juu ya theluji na vibao viwili virefu miguuni), mmoja anasema Verbier ya Uswisi, mwingine anaapa kwamba ski ni Chamonix ya Ufaransa tu. Uko na wikendi tatu za uhuru na kama euro 500, uko na miaka 38, theluji (neje vile tunaiita hapa) haujaigusa ata siku moja, na bwana yako anasema utamrudilia na mguu ndani ya plasta. Unauliza stesheni gani (mahali pa ski penye mashine za kupandisha watu mlima) ni nzuri, na pisti gani (njia iliyotengenezwa ya kushukia) ni nzuri kupita zote.

Mimi nilifanya misimu 11 ndani ya karakana ya kukodisha ski kule Haute-Savoie, ng'ambo tu ya mpaka ukitoka Genève. Kazi yangu ilikuwa kunoa makali ya ski, kuzipaka nta, kupima watu viatu, kurekebisha fiksasyo (kitu kinachoshika kiatu kwenye ski), na siku ya kupumzika nilikuwa napanda mlima mwenyewe. Sasa nimerudi Himbi lakini pisti za kule bado naziona nikifunga macho. Kwa hiyo nianze na jibu lenyewe, maelezo yatafuata: Verbier usiende, Chamonix nenda siku moja ya kuangalia, na pisti yako wewe inaitwa Marvel, iko Morillon, ni ya kijani, yaani rangi ya wanaoanza, kilometa 5 ndani ya msitu, na kutoka Genève ni kama saa moja ya gari.

Sasa juu ya nini. Watu wanachagua stesheni kwa jina, vile mtu anachagua timu ya mpira, halafu wanafika kule wanakuta jina haliwasaidii kitu, juu mtu haelei kwenye jina, anateleza kwenye pisti moja, ile iko chini ya miguu yake saa ile. Verbier ni mlima wa watu wanaojua. Eneo lote wanaliita 4 Vallées, liko na kama kilometa 410 za pisti, na juu kabisa kuko Mont Fort, meta 3,330, kule watu wanashuka kwenye matuta makubwa kama vichuguu. Nimepafanya, ni pazuri sana, na siwezi kupeleka mtu wa wikendi yake ya kwanza pale. Kuko kakiwanja ka wanaoanza, ndiyo, lakini utalipa bei ya Verbier, utakula kwa bei ya Verbier, ili uzunguke meta mia mbili siku nzima.

Chamonix nayo. Pale ndipo michezo ya Olimpiki ya baridi ya kwanza ilifanyika, 1924, na kila mpanda mlima duniani anapajua. Ila mwenzako hakukuambia kwamba milima ya ski ya Chamonix haijaungana, iko vipande vipande kwenye bonde refu, unatoka kipande kimoja unapanda basi kwenda kingine na viatu vya plastiki miguuni na ski begani, na vingi kati ya vipande hivyo ni vikali. Grands Montets kwa mfano si mahali pa kujifunzia. Lakini nenda siku moja bila ski. Panda Aiguille du Midi. Unaanzia mjini kwenye meta 1,035, ambayo ni chini kuliko Goma, na telekabini mbili (vyumba vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma) zinakupandisha mpaka 3,777 kwa dakika kama 20. Nyiragongo yetu iko 3,470, na wale waliwahi kuipanda kutoka Kibati wanajua zile saa 5 za mawe na jasho, sasa fikiria unaipita urefu umesimama tu unaangalia dirishani. Ukifika tembea polepole, kunywa maji, usikimbie kwenye ngazi, kichwa kinaweza kuzunguka ata kwa mtu wa Goma, ingawa damu yetu iko na faida kidogo juu tunaishi kwenye meta 1,500 hivi. Na kutoka pale juu ndipo inaanzia Vallée Blanche, kilometa kama 20 za kushuka juu ya barafu ya milele, si pisti, hakuna alama, kuko nyufa zinazoweza kumeza mtu, na watu wanaenda na gidi wamefungwa mishipi. Utaona mistari ya watu wadogo kama sisimizi wakishuka. Angalia, piga picha, rudi.

Kuhusu rangi. Ufaransa kuko rangi nne: kijani ya kuanza, buluu, nyekundu, nyeusi. Uswisi, Austria na Italia mara nyingi wanaanza na buluu, kijani hawana, kwa hiyo mtu wa Genève akikuambia "twende buluu, ni ya watoto" kwanza muulize iko nchi gani. Na ukumbuke rangi inawekwa na stesheni yenyewe kwa kulinganisha pisti zake, hakuna mtu anayezunguka Alps yote na kipimo kimoja. Buluu ya mahali pamoja inaweza kukutoa jasho kama nyekundu ya mahali pengine. Tena buluu ileile saa tatu asubuhi ikiwa imeganda ni kitu kimoja, na saa tano jua likishailainisha ni kitu kingine kabisa. Msimu wangu wa kwanza rafiki mmoja wa kazi alinipandisha nyekundu siku yangu ya tatu, akaniambia "fuata tu mgongo wangu." Nilifuata mgongo wake kama meta 50, halafu nikafuata tumbo langu, na goti la kushoto lilinifanya nichechemee mpaka mwezi wa tatu. Njo maana nakazia hivi.

Morillon sasa. Ni kijiji cha kawaida, cha mbao na mawe, ndani ya eneo linaloitwa Grand Massif, ambalo linaunganisha Flaine, Les Carroz, Samoëns, Morillon na Sixt, kama kilometa 265 zote pamoja. Marvel inashuka kwenye miti ya misonobari, mteremko ni wa huruma, pana vya kutosha, na miti ni muhimu sana kwa mtu anayeanza kuliko watu wanavyofikiri, juu siku ya mawingu kule juu kwenye uwazi theluji na mbingu vinakuwa rangi moja, haujui chini iko wapi, unaweza kuwa umesimama ukadhani unasonga. Ndani ya msitu miti inakuonyesha mteremko. Na kilometa 5 mfululizo ni zawadi, juu mwili unajifunza kwa kurudilia, na pisti fupi inakukatisha kila ukianza kuelewa. Gari kama hamna, treni ya Léman Express inatoka Genève inakufikisha Cluses, kutoka pale unatafuta basi la kupanda.

Lakini usianzie Marvel asubuhi ya kwanza. Wikendi ya kwanza, siku ya posho na siku ya Mungu zote mbili, ni za kiwanja cha wanaoanza na moniteri (mwalimu wa ski). Najua unafikiri utaokoa makuta mwenzako akikufundisha. Dada, hapana. Mtu anayejua ski tangu utoto hakumbuki vile alijifunza, atakuambia "piga magoti, geuka," basi. Lipia darasa la kundi, la watu wazima, masaa mawili au matatu kila siku. Wale wa ESF, shule ya ski ya Ufaransa, utawaona na nguo nyekundu karibu kila stesheni. Na uliza kwenye kasha (dirisha la tiketi) kama kuko forfe ya wanaoanza (ndiyo, forfe, kama ile ya mega za simu, ni neno lilelile, tiketi ya kupandia mashine). Stesheni nyingi ziko na ndogo ya bei ya chini inayofungua mashine za kiwanja tu, na mahali pengine zulia linalopandisha watoto ni bure. Hapo ndipo euro zako 500 zitafika wikendi ya tatu. Ukienda sehemu kubwa kama Les 3 Vallées, ile ya Courchevel, Méribel na Val Thorens, kilometa kama 600 za pisti, siku moja tu ya forfe inapita euro 70, na mtu wa siku ya pili hatumii ata kilometa 3 kati ya zile 600.

Sasa kitu ambacho moniteri hatakuambia juu hajazaliwa Goma. Wewe umekulia hapa, umeona vijana wa chukudu (ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali) wanashuka kutoka Kibumba na magunia ya viazi na makala, mzigo unapita kilo mia tatu, na breki ni kipande cha mpira wa tairi kwenye gurudumu la nyuma, wanakikanyaga na mguu. Umewaangalia vizuri? Mwenye chukudu hangoji mbio iwe kubwa ndipo akanyage. Anakanyaga kidogo kidogo tangu juu kabisa, kila wakati, mbio haimzidi ata mara moja. Na macho yake hayako kwenye gurudumu, yako mbele, meta 20, 30, kule shimo liko. Na mwili hauvuti nyuma. Ski ni ile ile. Watakufundisha kwanza kufungua visigino na kukaribisha ncha za mbele, kama kipande cha pisa, hiyo ndiyo breki yako, ikae imekanyagwa kidogo tangu juu. Woga utakuambia kaa nyuma kama mtu anayetafuta kiti, na ukikaa nyuma ski zinakimbia peke yake juu uzito hauko tena kwenye ncha. Sukuma mfupa wa mguu kwenye ulimi wa kiatu, mbele, mbele, ata kama roho inakataa. Kugeuka: unataka kwenda kushoto, weka uzito mguu wa kulia. Inaonekana kinyume, siku ya pili mwili utaelewa. Halafu haushuki moja kwa moja, unakata mlima kushoto na kulia kama lori kwenye makona ya Ngomo.

Viatu. Hapa nitakaa kidogo juu ndiyo ilikuwa kazi yangu, na nimeona likizo nyingi zikiharibika kwa viatu kuliko kwa mifupa. Kiatu cha ski kinabana, hicho ndicho kazi yake. Watu wote wa mara ya kwanza wanachukua kikubwa, wanajisikia vizuri dukani, halafu mlimani mguu unaogelea ndani, vidole vinapigana na plastiki, kucha zinakuwa nyeusi. Ukivaa na kusimama wima, vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti, virudi nyuma viache kugusa. Kisigino kisipande. Soksi moja, moja tu, nyembamba na ndefu, na usiingize suruali wala nguo ya ndani ya kubana ndani ya kiatu, kamkunjo kadogo ka nguo saa nne asubuhi kanakuwa kisu saa saba. Wengi wanavaa soksi mbili juu ya baridi, na ndipo miguu inaganda zaidi, juu damu haipiti.

Na kwenye meza ya fiksasyo sema ukweli. Mtu wa karakana atakuuliza uzito, urefu, umri na kiwango chako, na kwa namba hizo pamoja na urefu wa kiatu anaweka spring ya ile kitu inayoshika kiatu kwenye ski. Ikiwekwa vizuri, ukianguka vibaya ski inatoka kabla mguu haujavunjika. Nimeona wamama wanapunguza kilo 10 juu bwana amesimama pembeni, nimeona wanaume wa siku ya pili wanasema wao ni wazuri, na uongo wote wawili unaishia kwa kuumia. Mwambie bwana yako kwamba plasta anayoiogopa inazuiwa pale kwenye meza, dakika 5, kwa kusema kilo zako za kweli. Ski yenyewe isikupite urefu, ifike kidevuni mpaka puani, fupi inageuka kwa urahisi. Na kofia ngumu kodi, kila siku.

Nguo usinunue kule. Zile koti za kuvimba ambazo wamotari wetu wanavaa asubuhi, nyingi ni koti za ski kabisa zilizokuja na mitumba, pita soko ya Virunga na Birere utafute isiyopitisha maji na suruali yake. Jinzi hapana, inalowana inakuwa mbao. Lakini miwani na mafuta ya jua usiyaache, na usinidanganye kwamba ngozi yetu haiungui: theluji mpya inarudisha kama asilimia 80 ya miale ile mikali, unapigwa kutoka juu na kutoka chini, chini ya pua, chini ya kidevu, kwenye midomo. Mimi nilichunika midomo wiki nzima.

Kuhusu siku. Mwezi wa pili Wafaransa wako na likizo za shule kwa zamu, na Genève nayo iko na wiki yake, mashine zinajaa, bei zinapanda. Kama unaweza, wikendi ya kwanza iwe Januari ileile umefika, kuko baridi lakini kuko nafasi na theluji ni ngumu kuharibika. Siku ya posho barabara zimejaa juu wanaopanga wiki wanabadilishana vyumba, ila pisti zenyewe zinakuwa na pumzi, basi toka Genève mapema sana. Wikendi ya pili, Marvel. Wikendi ya tatu kama iko mu Marchi, chini kwenye vijiji theluji itakuwa imechoka, panda Flaine, kijiji kiko kwenye meta 1,600 na mashine zinafika karibu 2,500, kimekaa ndani ya bakuli la mlima ambalo linatunza theluji. Mu Marchi jifunze saa: usiku inaganda, asubuhi mapema ni sementi, kuanzia saa nne hivi inakuwa tamu, inakubali makali ya ski, na baada ya saa nane ni uji, miguu inazama, na watu waliochoka wanaumia hapo. Anza na mteremko unaopigwa na jua la asubuhi, hamia ule wa kaskazini baadaye. Ukishajisikia mchovu, shuka na telekabini. Mbio za mwisho za siku ndizo zinaleta watu wengi kwa daktari.

Bima: bima yako ya viza usiiamini bila kuisoma, nyingi zinatoa ski nje. Ufaransa kukuteremsha na mkokoteni au helikopta ni wewe unalipa, na kuko bima ndogo ya siku, Carré Neige, euro chache, unaiomba palepale kwenye kasha ya forfe. Ichukue. Mlimani, aliye mbele yako chini ndiye mwenye njia, wewe wa nyuma ndiye wa kumkwepa, na ukisimama simama pembeni, si katikati kama pikipiki pale Signers. Na usivuke kamba ya pisti ata theluji ya ng'ambo ikionekana safi namna gani, ata ukiona alama za ski za watu wengine. Sisi tunajua mazuku, ile hewa ya sumu inayotoka ardhini. Mahali panaonekana pa kawaida, majani ni ya kijani, na mbuzi aliyeingia hakutoka, kwa hiyo tunauliza wazee wa pale kabla ya kukaa bondeni. Maporomoko ya theluji ni vile: hayaonekani, na wenyeji wanapima hatari kila asubuhi kutoka 1 mpaka 5 na kuibandika kwenye mashine. Soma ile namba.

Umeuliza pisti nzuri kupita zote. Kwangu ni Sarenne, kule Alpe d'Huez, Ufaransa, nyeusi, kilometa 16 kutoka Pic Blanc kwenye meta 3,330, sehemu kali iko mwanzo halafu unaingia bonde ambalo hausikii mashine wala mtu, isipokuwa ski zako mwenyewe. Nilishuka mara mbili, na mara ya pili nilisimama katikati nikakaa chini tu kusikiliza. Kwa kuangalia kwenye televisheni hakuna kama mashindano ya pisti ya Streif kule Kitzbühel, Austria, mwezi wa kwanza, mahali panapoitwa Mausefalle mteremko unafika asilimia 85, mtu anaruka hewani sekunde chache baada ya kuanza. Lakini kama utarudi Genève mwaka mwingine, lengo lako liwe Cascades, buluu ya kilometa 14 kutoka juu ya Flaine mpaka Sixt, hiyo utaiweza, ikiwa theluji imefika chini.

Na miaka 38 isikusumbue. Kwame Nkrumah-Acheampong wa Ghana alijifunza ski akiwa mtu mzima, ndani ya jumba la theluji Milton Keynes, Uingereza, alikokuwa anafanya kazi ya mapokezi, na mwaka 2010 alikuwa Vancouver kwenye slalomu (kushuka ukizunguka nguzo) ya Olimpiki, akamaliza mikimbio yote miwili siku ambayo zaidi ya nusu ya walioanza hawakumaliza. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi kule Kenya aliyekulia Austria, alishindana Pyeongchang 2018. Wewe nakuomba kilometa 5 za kijani tu.

Leo usiku simama bila kiatu, kisigino kwenye ukuta, mtu akuwekee kitabu mbele ya kidole kirefu, upime kutoka ukuta mpaka kitabu kwa sentimita, miguu yote miwili. Viatu vya ski vinapimwa hivyo, 24.5, 25, si 39 wala 40. Nitumie namba zote mbili pamoja na kilo zako za kweli, nitakuandikia karatasi ya kumpa mtu wa karakana kule.